Maji Matamu kwa Mgonjwa

Darasa langu la bustani lina sharti moja tu, na sharti hilo limenigombanisha na nusu ya mtaa: mtu mzima haingii bila mtoto, na mtoto haingii bila mtu mzima. Si lazima mtoto awe wako. Mwazime kwa jirani, mchukue wa dada yako, mradi uje naye mmeshikana mikono. Nina sababu zangu. Mtu mzima akiwa peke yake hutafuta kiti, akakaa, akaanza kutoa maoni. Mtoto akiwa peke yake hung'oa. Ukiwaweka pamoja, mkubwa huona haya kukaa na mdogo huona haya kung'oa, angalau kwa muda.

Darasa lenyewe ni ua wa nyumba yangu hapa Likoni, upande wa kuelekea Mtongwe. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi wa mboga. Miaka na miaka nilivuka feri alfajiri kwenda soko la Kongowea, nikarudi na mafurushi ya mchicha yaliyokwisha kunyauka kabla sijafika kibandani, na kilichonisaidia kuyauza kilikuwa mdomo wangu. Magoti yalipochoka, nikajaza mchanga na samadi katika magunia ya mchele na kupanda mchicha uani. Ukaota. Nikapanda mnavu, nao ukaota. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta, na mimi sipendi kuchunguliwa, kwa hiyo aliyechungulia nikamwambia aingie ashike jembe. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu bila kupita chuoni.

Asubuhi za Jumamosi ni vurugu tupu, na nazipenda kwa moyo wangu wote. Huku wanachekecha mchanga, huku wanatoboa magunia, kule wawili wanagombania mnyunyizio mmoja ambao kwanza umeziba. Samadi ya mbuzi watoto hawaiogopi. Huikoroga kama wanakanda unga wa chapati. Wanaohangaika ni wakubwa. Mama mmoja alikuja siku ya kwanza na hina mbichi mikononi, akataka kupanda mnavu kwa kijiko.

"Dada, hapa hatukorogi chai," nikamwambia. "Tia mkono."

Akafumba macho, akatia. Mtoto aliyemwazima kwa jirani akambembeleza, "Usiogope, mama, ni mavi tu."

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku hizi mama huyo ndiye mgomvi wetu mkubwa wa samadi. Ndoo ikibaki bila mwenyewe, utamkuta ameshaibeba.

Sasa nieleze habari ya asmini, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ilikuwa Jumamosi moja ya kaskazi, joto limetukaba, nami nimesimama mlangoni nikiwapokea watu, wawili wawili. Akaja binti wa marehemu rafiki yangu, fundi wa nguo, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa peke yake. Nikafungua mdomo kumrudisha, maana sharti ni sharti, hata kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mtoto wako yuwapi?"

"Huyu hapa," akasema, na akanyanyua kidogo furushi alilolikumbatia kifuani. Ilikuwa kanga iliyolowa maji. Akafunua pembe moja, nikaona vijiti vya kijani, vyenye majani mawili matatu, vimelazwa pamoja. Sikuhitaji kuuliza ni vya mti gani. Nilimwachia njia akapita.

Mamake na mimi tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Mlangoni kwake kulikuwa na asmini iliyopanda mpaka juu ya bati, na mtaa mzima ulimjua kwa asmini hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwafungia maharusi vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa kifuani. Harusi ikitajwa tu, watu walikuwa wameshafika kwake. Alichuma alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba, ili vifunguke jioni kifuani kwa bibi harusi mwenyewe. Akatia majani ya mrehani, mkadi, na waridi kidogo, akavizungusha uzi vidoleni, na hapo hapo kikuba kikawa kikuba. Mimi nilikaa kando yake nikimpokeza majani. Kazi yangu hasa ilikuwa kumletea umbea wa Kongowea.

Kwa bintiye alikuwa na ahadi moja, na aliirudia kila alipomaliza cha mtoto wa mwenzake: "Chako wewe nitakifunga kwa asmini ya mlango huu huu." Kisha akaugua siku chache, akatutoka. Mungu amrehemu. Mpaka leo nikisikia jambo la kuchekesha, mguu wangu huanza kuelekea kwake.

Nyumba ile walikuwa wamepanga. Mwenyewe akaiuza, na aliyenunua anajenga ghorofa. Wiki ile tingatinga lilikuwa limekuja bila salamu. Binti akaambiwa akiwa kwenye cherehani, akaacha nguo ya watu sindanoni, akakimbia na mkasi mkononi. Dereva, kijana wa bara, alikuwa ameshawasha mashine. Alipomwona, akaizima, akawasha sigara na kumwambia, "Kata haraka, dadangu, nitavuta polepole." Akakata kwa mkasi wa nguo mpaka sigara ikaisha.

"Harusi ni mwisho wa mwaka, vuli ikipita," aliniambia, tumeinama wawili juu ya ile kanga. "Nataka kikuba cha mamangu. Hata kiwe na maua matatu, mama mdogo. Lakini yawe ya mti huu."

Nikamwambia yatakuwa. Nilisema kwa sauti kubwa, kama ninavyosema ninapokuwa sina uhakika.

Siku hiyo hatukupanda mboga. Niliwagawia kila mtu na mtoto wake kijiti kimoja, maana niliona tukivitawanya nyumba nyingi, hata kwingine vikifa kwingine vitapona. Nikawaonyesha: kata chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, chomeka katika kopo la mchanga na mbolea iliyooza, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili kijiti kihifadhi unyevu wake. Pelekeni nyumbani, kivulini, na kila Jumamosi tutaleta tuone. Na mtu asing'oe! Nililirudia hilo huku nikiwaangalia mmoja mmoja machoni. Jumamosi iliyofuata watoto watatu walikuwa wameng'oa. Mmoja alijitetea kwamba hakung'oa, alikifungua tu kidogo aone kama kimeota miguu.

Miongoni mwao alikuwako mzee mmoja mstaafu wa bandarini Kipevu, Mrabai, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuitana na watu walio juu ya winchi. Alikuja na mjukuu wake, msichana ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na maswali yameyachukulia nafasi. Huyu mzee alinipa kazi tangu mwanzo. Nikisema gunia, yeye ataleta ndoo. Nikisema kopo, yeye alikuja na birika kuukuu lililotoboka, na kijiti chake akakipanda humo, mdomo wa birika umetazama mbele. Aliniita mwalimu, na kila akiniita hivyo nilihisi anacheka ndani kwa ndani.

"Kinaendeleaje hicho?" nilimuuliza mjukuu.

"Mgonjwa wetu kala vizuri," akajibu. "Lakini hajasema kitu."

Ndipo nilipomwona babu akitoa chupa ya maji mfukoni, ile aliyokuja nayo ya kunywa, na kuyamimina polepole katika birika.

Hapa lazima mgeni aelewe jambo. Mtaani kwetu kuna maji mawili. Kuna ya kisima, ambayo ni ya chumvi. Ukifulia, sabuni haitoi povu, na kaskazi inapopamba moto kisima hushuka na chumvi huzidi. Na kuna maji matamu, ambayo huja na mkokoteni, mitungi imepangwa, nasi twatoka mbio na kugombana nani wa kwanza. Maji matamu ni ya kunywa, ya chai na ya wali. Basi. Kuoga ni kisima, kuosha vyombo ni kisima, mimea ni kisima. Mtoto wa Likoni hujifunza hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Nimewahi kumwona mtu mzima akichapwa kofi na mamake kwa kunawia miguu maji matamu. Kwa hiyo mtu kuyamwaga kwenye mchanga, mchana kweupe, mbele ya darasa zima!

"Mzee wangu," nikasema, "wafanya nini?"

"Nampa maji."

"Kisima kile pale."

Akakitazama kisima, akanitazama mimi. "Mimi sinywi yale, mwalimu. Mjukuu wangu hayanywi. Huyu ni mgeni kwangu, tena yatima. Nimnyweshe chumvi?"

"Mti hauna ulimi!"

"Unao," mjukuu akasema. "Mimi nimeuona."

Darasa zima lilikuwa upande wangu. Mama wa hina akasema wallahi hiyo ni israfu, na wengine wakatikisa vichwa. Nikampa mzee maneno yangu, na ninapoyatoa huwa siyapimi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akafunga chupa yake, akairudisha mfukoni. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kwamba nyumbani kwake hakuna mwalimu.

Baada ya hapo vijiti vikaanza kufa.

Vilianzia kwenye kingo za majani, rangi ya karatasi iliyoguswa na pasi. Kisha jani likajikunja, kisha likaanguka. Jumamosi ya kwanza viwili, Jumamosi ya pili sikutaka kuhesabu. Nikasema ni jua, wakavisogeza kivulini. Nikasema ni kivuli, wakavirudisha juani. Nikasema ni mchwa, tukavitia majivu. Na kila nilipoona kimoja kimelegea nilisema, "Kizidishieni maji," nao wakakizidishia, wakichota kwa moyo mmoja kutoka kisimani. Watoto walivizika vijiti vyao nyuma ya tangi, kila kimoja na kaburi lake na jiwe lake. Mmoja alitaka kuhutubia, tukamkatiza alipofika kwenye madeni ya marehemu.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo hakuna aliyeleta kopo. Walikuja mikono mitupu, wakubwa wameangalia chini. Hata binti alikuja, safari hii ameshika mkono wa mtoto wa dadake, ametimiza sharti barabara, na hapakuwa na cha kupanda. Mzee hakuwa amefika. Kila mtu alifahamu kwa nini, au alidhani anafahamu: chake nacho kimekufa.

"Basi, mama mdogo," binti akaniambia. "Asmini zauzwa mjini. Nitanunua kama watu wote."

Alisema huku anatabasamu ili nisijisikie vibaya. Heri angenitukana. Mimi si mtu wa kulia, mimi ni mtu wa kukasirika, lakini nilikwenda nyuma ya tangi, kwenye makaburi yale ya vijiti, nikalia. Nilimwona mamake amekaa pale barazani kwake na uzi vidoleni, na mlango wenyewe haupo tena. Niliona nimempoteza mara ya pili, na mara hii kwa mikono yangu.

Nikiwa bado nimejifunika uso kwa mtandio, nikasikia sauti ya kwenye winchi.

"Hodi! Njia! Njia! Mgonjwa kaamka!"

Mzee alikuwa amelibeba birika kwa mikono miwili, amevaa shati la kanisani, na mjukuu akimtangulia kufukuza watu njiani. Walikuwa wamechelewa kwa sababu walitembea taratibu wasimtikise. Kijiti kilikuwa kijani. Juu, pale kwenye kifundo, kulikuwa na majani mawili mapya, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Binti alipiga magoti, akaweka kidole chini ya jani moja bila kuligusa. Mimi nikaangalia majani yale, nikaangalia chupa iliyotokeza kwenye mfuko wa shati la mzee, nikaangalia ndoo ya kisima iliyokuwa miguuni pangu. Nikachovya kidole katika ndoo, nikalamba. Siku zote nilizochota maji yale kaskazi ile sikuwa nimeyaonja, maana nani huonja maji ya kisima? Nilitema.

Mchicha wangu huyanywa maji hayo na kunenepa. Nami nilikuwa nimechukulia kwamba kila kilicho kijani ni mchicha.

"Sema, mwalimu," mzee akasema.

"Nyamaza," nikamwambia. "Umeshinda."

"Sikuwa nashindana. Nilimwonea huruma tu."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angalikuwa na elimu ya siri ningemchukia kwa raha. Kumbe hakujua lolote. Alishindwa tu kumpa mgeni kitu ambacho yeye mwenyewe hanywi, na sisi wengine, kwa akili zetu na ubahili wetu, tulikuwa tumewatilia wagonjwa chumvi kila siku asubuhi na jioni.

Kuanzia siku ile darasa likapata sharti la pili: kila anayekuja aje na maji matamu kidogo ya mgonjwa. Walileta kwa chupa za soda, kwa vikombe vya plastiki, mmoja kwa kopo la dawa ya kikohozi lililooshwa vizuri. Mama wa hina, yule yule wa israfu, alileta mtungi mzima kichwani na kuniangalia kwa ukali, nisithubutu kumkumbusha. Ikabidi niwazuie, maana tungemzamisha. Alikunywa kiasi chake, yaliyobaki tukayatia kwenye pipa na kulifunika, na watoto wakapeana zamu ya kulilinda dhidi ya kuku.

Masika yalipofika yalitukuta uani. Mvua ile ya kwanza, kubwa, yenye kelele juu ya mabati, na darasa lote likasimama limeduwaa kwa dakika moja kabla hatujakumbuka kwamba maji matamu yanaanguka bure kutoka mbinguni. Hapo ndipo ungetuona. Sufuria, mabeseni, madebe, kofia ya mtu, kila chenye shimo la kukaa maji kilitolewa. Watoto walivua mashati. Mama wa hina alicheza chakacha matopeni. Mzee alikiinua kile kibirika juu kwa mikono miwili, mgonjwa apate ya kwake moja kwa moja, na maji yakitoka kwenye mdomo wa birika yakamwingia mkononi mpaka kwapani, naye akicheka ile sauti yake kubwa. Sijawahi kufurahi kiasi kile nikiwa nimelowa.

Tukamhamishia kwenye nusu ya pipa la chuma, karibu na mlango wangu. Kusi ikaingia na ubaridi wake, akatoa matawi. Nilipomkata ncha ili apanuke, mjukuu alinigeuzia mgongo siku nzima, na kumpatanisha ilinibidi nimwachie mnyunyizio usioziba. Halafu, kusi ikielekea ukingoni, likatoka ua moja. Moja tu, jeupe, dogo kuliko kifungo cha shati.

Watu walipanga foleni. Kila mtu alipewa pumzi moja. Binti alifika mwisho, ametoka kazini, nyuzi zimemganda kwenye gauni. Akainama, akavuta pumzi, kisha akakaa chini pale pale, juu ya samadi, akafunika macho kwa viganja.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mama."

Siku ya harusi watoto walifika tangu asubuhi na kukaa kuizunguka asmini kama askari. Hawakuruhusu kuku, hawakuruhusu shangazi, hawakuruhusu hata mimi mwenye nyumba nipite na karai. Mjukuu alikuwa amevaa gauni ambalo bibi harusi alimshonea kwa kitambaa kilichobaki cha gauni lake mwenyewe, na alilikunja juu ya magoti kila aliposogea. Alasiri ilipolainika tukanawa mikono, yeye na mimi, tukachuma vitumba vikiwa vimefumba. Havikuwa vingi. Vyote kwa jumla havikujaza kikombe cha kahawa. Asmini nyingine tulikuwa tumenunua mjini, mrehani ulikuwa wetu, tele, wa darasa, na vile vichache vya kikombe nilivitenga peke yake.

Nikakaa chini na uzi. Nimekaa kando ya mwanamke yule harusi ngapi, nikimpokeza majani, na nikagundua kwamba muda wote ule nilikuwa nikiutazama uso wake, si vidole vyake. Cha kwanza kikasambaratika. Cha pili kikalegea. Nikaanza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, kama zamani. Nikampa umbea wote: nani kaolewa, nani kaachwa, ghorofa lililosimama mlangoni pake, dereva na sigara yake, Mrabai na birika lake, mimi na chumvi yangu. Sijui nilifika wapi. Nilipoangalia chini, kikuba kilikuwa kimeshika. Vitumba vya mti wake niliviweka katikati, upande unaogusa kifua.

Nilipoingia chumbani mwangu kumfunga, binti hakuuliza ni vipi vya mama. Aliweka kiganja pale pale vilipo. Jua lilikuwa linazama, na vilianza kufunguka.

Sasa, kwetu bwana harusi haingii kwa mkewe kirahisi. Wanawake huziba mlango, hudai chao, wasimamizi huzozana nao, vigelegele, utani, mpaka bahasha itoke. Huyu alikuwa kijana wa Kisauni, kanzu na joho vimemkaa, msimamizi kando yake ameshaiandaa bahasha mkononi. Tukajipanga. Kabla sijafungua mdomo, na nilikuwa na maneno mazuri tayari, mjukuu akapenya katikati yetu, akasimama kizingitini, akatanua mikono akashika mwimo huku na mwimo huku.

"Kwenu," akamuuliza, "maji ni ya chumvi au matamu?"

Watu wakacheka. Msimamizi akamnyoshea bahasha. Hakuitazama.

Bwana harusi alitazama nyuma kidogo, kana kwamba jibu liko huko, halafu akasema ukweli. "Ya kisima ni ya chumvi. Matamu twanunua."

Vicheko vikapungua. Kule nje, chini ya turubai, nilimwona mzee amesimama na sahani ya pilau mkononi, amesahau kutafuna.

"Mgonjwa anakwenda na yeye," mjukuu akasema. "Tumemkatia vijiti, viko kwenye kanga. Hanywi chumvi. Akinywa hufa."

"Nitamnunulia matamu."

"Yakiwa kidogo?"

Kijana akachuchumaa, joho likafagia sakafu, mpaka macho yao yakalingana. Nadhani ndipo alipoelewa anaulizwa nini, kwa sababu utani ulikuwa umemtoka usoni. "Yakiwa kidogo," akasema, "atakunywa yeye kwanza, kisha mimi."

Mtoto akageuka kumtafuta bibi harusi kule ndani, nyuma yetu. Sikuona alichoonyeshwa. Nilisikia tu binti akicheka, kicheko cha mamake kitupu, kile kilichokuwa kikivuka ukuta na kunitoa jikoni, na nikalia mbele za watu wote bila mtandio. Mjukuu akashusha mikono, akapita pembeni.

Walipoondoka, bibi harusi alikuwa ameikumbatia kanga yenye maji kifuani, chini ya kikuba. Mzee alikuwa anamngoja bwana harusi garini na mtungi wa maji matamu, umejaa mpaka shingoni. Msimamizi akataka kuupokea, kijana akakataa, akaubeba mwenyewe. Maji yakamwagikia joho kidogo, na mzee akamwambia atembee taratibu.